Cheti Changu na Ng'ombe Aliyerara

Mtaa wa Tuwan,
Kitale.
9 Mei 2009

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wafugaji,
Naitiri.

Mzee wetu Jairus,

KUH: MTU ASIYE NA CHETI KUSHINDANA NA MTU ALIYE NACHO

Pokea salamu za heshima kutoka kwa kijana wako Levi Wangila, yule aliyewatengenezea programu ya simu ya kumwita daktari wa mifugo. Nimesikia kwamba Jumamosi ijayo wanachama watapiga kura kuchagua programu moja, yangu au ya Sellah anayechaji simu pale sokoni, na mshindi ataajiriwa na chama. Mzee, kazi hii nimeingoja miaka miwili na sina nyingine. Ndiyo maana ninalalamika kama ifuatavyo:

1. Mimi nina cheti. Nilisomea programu za simu hapa Kitale miezi tisa, nikafanya mtihani, nikapita. Kina mhuri mwekundu na kimetiwa plastiki pande zote mbili, hata mvua ya Naitiri haikiwezi. Sellah alijifunza kwa kitabu kisicho na jalada. Hata aliyekiandika hajulikani.

2. Programu yangu inafuata kanuni. Mfugaji anaandika shida ya ng'ombe, nayo inampelekea daktari. Akikosea herufi moja, inamjibu kwa adabu: HITILAFU. ANDIKA TENA. Ndivyo tulivyofundishwa. Ya Sellah haina msimamo. Mzee Kimaiyo aliandika "ngombe amerara hataki kuamka", ikakubali! Mwingine akaandika ndama "anahala", ikakubali pia, na daktari akaja na dawa ya kuhara. Nilipomuuliza Sellah hiyo ni kanuni gani, alinijibu, "Si ni vile watu wa huku wanaandika, bana?" Huo ni utaalamu kweli? Tukikubali "amerara" leo, kesho tutakataa nini?

3. Mnasema tangu Januari programu yangu imemwita daktari mara tatu, na ya Sellah mara mia moja na kumi. Ukiitazama vizuri, hesabu hiyo inanitetea mimi. Bila Sellah tungekuwa na wagonjwa watatu tu. Ni nani basi aliyeleta magonjwa?

4. Kwa hiyo ninaomba kura ifutwe na chama kidai cheti kwa kila mtu. Daktari anacho, mimi ninacho. Wanachama nao wafanye kozi ya wiki sita ya kutofautisha l na r, niko tayari kuifundisha, na atakayefaulu apewe cheti cha kuwa na ng'ombe mgonjwa. Ng'ombe wenyewe waombwe wasiugue mpaka matokeo yatoke.

5. Siku hizi watu wanamwita Sellah Injinia, hata kule Misikhu. Mimi wananiita Hitilafu. Hii inaniuma, sitaficha.

Nisalimie Mama Nangila hapo nyumbani, mweka hazina Bwana Nderitu, na wanachama wote, hata wale ambao wameshaamua.

Wako mtiifu,

Levi Wangila
(Mwenye Cheti)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha mama yangu alipopiga simu kutoka huko Naitiri. Ng'ombe wetu alikuwa ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Mama alijaribu programu yangu kwanza, kwa sababu ni mama yangu. Alijaribu mara saba. Halafu akaandika kwa ile nyingine, na daktari akafika ndama akiwa bado hai. Ni jike. Nimempigia Sellah kumshukuru na nikasahau kumuuliza habari ya cheti. Jumamosi mama atakuja kupiga kura. Nitamleta mwenyewe, na kwa kuwa hana miwani nitamwandikia karatasi ya kura. Jina la Sellah lina l mbili, na sitaki kura ya mama ikataliwe kwa kosa la herufi.