Mama Mkwe Anafikiri kwa Niaba Yangu

Jumatatu, tarehe 3

Nimevuliwa cheo! Mke wangu ametangaza kwamba kuanzia leo mama yake ndiye atakayemchukua binti yetu shuleni. Eti Ijumaa nilimsahau. Ni kweli nilisimama mlangoni pa kibanda changu cha kunyolea nikibuni jina jipya la biashara, na nilipozinduka lango la shule lilikuwa limefungwa. Kosa moja tu! (Mke anasema la tatu. Anajumlisha hata lile la siku ya mvua.)

Inaniuma, sifichi. Binti nyumbani hasemi kitu. Njiani ndipo huniambia mambo yake yote: nani kamnunia, jino gani linatikisika.

Lakini dawa ninayo. Mteja wangu mmoja ni daktari wa maabara ya ubongo. Anachunguza jinsi akili ya mtu inavyozurura wakati mwili upo pale pale. Anatafuta watu wa kujitolea, na mwisho kila mmoja hupewa majibu yenye sahihi na muhuri. Mke wangu ataubishia muhuri?

Jumanne, tarehe 4

Nimepewa simu ya utafiti. Inalia ghafla, wakati wowote. Ikilia, unabonyeza kama akili yako ilikuwa hapa au mbali, kisha unaandika ulichokuwa unafikiria. Daktari anasema kuzurura si ugonjwa, kila ubongo huzurura. Ajabu, anasema, ni kwamba mtu huwa hajui ameondoka mpaka aulizwe. Labda watu wengine. Mimi najijua.

Simu ikalia nikiwa na wembe. Dereva wa teksi amepoteza unyusi mmoja. Nikamshauri tunyoe na wa pili, zilingane. Hakuona busara yake. Kaondoka na kitambaa changu shingoni, akitukana mpaka kona ya barabara.

Simu nayo imelia kutwa. Mbali, mbali, mbali. Kwa mwendo huu muhuri utaniangamiza.

Jumatano, tarehe 5

Mpango! Mama mkwe hushinda kwenye benchi langu la wateja akishona vifungo, akisubiri saa ya shule. Huyu mama akishona, hata nyumba ikiungua atamaliza kifungo kwanza. Nimemwomba, kwa adabu zote, anishikie simu na kuijibu.

Akasema yeye hawezi kuandika uongo, ataandika anachofanya yeye mwenyewe. Nikasema hewala, mama. Akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikajifanya nasafisha mashine.

Alhamisi, tarehe 6

Daktari amepiga simu, sauti inatetemeka kwa furaha. Hajawahi kuona akili iliyotulia namna hii! Hapa, hapa, hapa, siku mbili mfululizo. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini kinyozi kila mara anashona kifungo. Nikamjibu kwamba mwanamume wa leo lazima awe na fani mbili.

Kesho nakwenda kuvalishwa kofia ya waya. Mama mkwe ataniona!

Ijumaa, tarehe 7

Aibu. Kofia ina waya kama mizizi ya kitunguu. Kwenye skrini zinapita namba: bonyeza kila namba, isipokuwa tatu. Ikija tatu, tulia. Mtoto wa chekechea angeweza.

Sasa daktari kakaa mbele yangu, kanipa mgongo. Kisogoni pake nikaona kishungi cha nywele, kama mkia wa bata. Nani kamnyoa mtu hivi? Mimi! Wiki iliyopita! Nikawaza nitakavyokiondoa, kwa mashine au kwa mkasi, na kama mkewe ameshakiona.

Tatu zote nimebonyeza. Zote! Na muda wote ule ningeapa kwamba naitazama skrini.

Daktari kazitazama karatasi zangu, kanitazama mimi, kisha akauliza simu alikuwa nayo nani. Nimeungama. Hakukasirika hata kidogo, jambo lililoniudhi zaidi. Anamtaka mama mkwe Jumatatu.

Jumatatu, tarehe 10

Mama mkwe kaenda maabara, kwa hiyo mke hana budi kunipa nafasi ya mwisho. Hilo "ya mwisho" kalisema mara mbili.

Nilifika langoni kabla ya kengele! Binti akanikabidhi mkoba na chupa ya maji. Akasema nimsubiri, amesahau sweta darasani. Nikasema sawa. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mke wangu jioni. Mazito, lakini yasiyo na kisasi.

Nikaingia nyumbani na mkoba, na chupa, nikapaza sauti: tumefika! Mama mkwe alikuwa amesharudi, nywele zimejaa gundi ya maabara. Akatazama nyuma yangu. Akauliza tumefika mimi na nani.

Nilikimbia kama mwizi. Binti alikuwa ameketi na mlinzi wa lango, sweta mapajani, halii. Mlinzi kaniambia alimuuliza baba yuko wapi, naye akajibu: "Amekwenda nyumbani. Atarudi akishajua."

Nilimshika mkono kwa nguvu njia nzima. Machozi yalinilengalenga, naandika ukweli. Naye, Mungu ambariki, hakuninunia. Akanieleza jambo lake moja refu, la tangu asubuhi.

Wakati huo huo nikapata mpango mpya! Kengele ndogo kwenye mkoba, na nyingine kwenye kiatu cha mtoto. Moja ikilia bila nyingine, najua. Nimeupanga wote mpaka tunafika mlangoni.

Jambo lake lilihusu jino, nadhani. Au goti. Kesho nitamuuliza mama mkwe.