Kamati ya Kulinda Ari ya Askari

"Ifahamike kwa askari, wavuvi na wananchi wote wa mwambao kwamba Kikosi cha Doria ya Ziwa kimebaini adui mpya, na kimejipanga."

Tangazo hilo la Meja Godwin, mkuu wa kikosi, lilibandikwa getini, sokoni Kyela na, kwa bahati mbaya, kwenye mlango wa choo cha stendi.

Adui mwenyewe alikuwa Koplo Lusungu wa Makwale, mzamiaji hodari kuliko wote. Boti ilipopinduka mwezi uliotangulia, aliwatoa majini abiria kumi na mmoja, na Meja akamvisha nishani kwa mkono wake. Kisha Meja akasikia maneno ya watu. Akamwita ofisini, akamuuliza kama ni shoga.

"Ndiyo, afande," Lusungu akajibu. "Umeniuliza, siwezi kukudanganya."

Meja alisikitika. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na fomu haikuwa na sehemu ya kujaza ukweli. Lakini Kanuni ya Tisa ilikuwa wazi: mashoga hawatatumikia kikosini kwa kuwa wanavuruga ari ya askari, na yeyote avurugaye ari ya askari ataondolewa, bila kujali cheo. Aliiandika mwenyewe. Hayo ya cheo aliyaongeza kwa sababu yalisikika vizuri.

Lusungu akafukuzwa. Nyumbani, mama yake, Ikupa, aliacha kupepeta mpunga.

"Mwanangu, si ungenyamaza tu?"

"Nimenyamaza miaka tisa, mama. Nimechoka."

Ikupa aliuweka ungo chini. "Basi twende kwa wakili," akasema. "Aliyekufukuza akaeleze mbele ya watu."

Huku nyuma Meja aliunda Kamati ya Kulinda Ari, mwenyekiti akiwa yeye. Kamati ilifanya kazi kitaalamu. Ilifungua barua za askari. Ilipima umbali kati ya kitanda na kitanda. Ilipiga marufuku marashi na miavuli ya maua. Sajenti Erasto, aliyelia kwenye msiba wa dada yake, alihojiwa saa tatu kuhusu wingi wa machozi.

Siku ya kesi ukumbi ulifurika. Meja alifika na faili nene, uso ukimng'aa. Wakili wa Lusungu, Keziya wa Mbugani, mama mfupi mwenye sauti ya upole, akasimama.

"Meja, ari ya askari ilivurugika kwa kiasi gani?"

"Kupita kiasi! Nina malalamiko arobaini na saba ya maandishi."

"Umeyasoma?"

"Mimi ni kamanda, mama. Kusoma ni kazi ya walio chini."

Jaji Hanifa akaomba faili. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Afande Meja amesimama tena dirishani kwetu, anaandika.' 'Naomba nirudishiwe barua ya mke wangu.' 'Mtu akizama leo nani atamtoa, Kamati?'" Akafunua kurasa zilizobaki. "Meja, yote arobaini na saba yanakuhusu wewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lusungu hakucheka, alikuwa ameushika mkono wa mama yake.

Hukumu ilikuwa fupi. Yule ambaye askari anampenda nyumbani kwake hajamzamisha mtu ziwani. Sehemu ya kwanza ya Kanuni ya Tisa ilifutwa, na Lusungu akarudishwa kazini. Sehemu ya pili, ya yeyote avurugaye ari, alisema Jaji, haina kasoro yoyote.

"Ndaga fijo," Ikupa akamshukuru, kwa Kinyakyusa, na Jaji akaitikia kwa kichwa.

Siku nne baadaye barua ikatoka makao makuu: Meja Godwin ameondolewa, bila kujali cheo.

Jumatatu alikuwa kwenye benchi la ofisi ya Keziya, kofia mapajani.

"Nataka kuipinga Kanuni ya Tisa," akasema. "Ni ya kikatili. Mtu anatolewa kazini kwa hisia za wenzake!"

"Nitaichukua kesi. Nani kikosini atasimama kukutetea?"

Meja alifikiri mpaka chai ikapoa. "Jaribu Lusungu."

Keziya akapiga simu, akasikiliza, akakata.

"Amekubali. Anasema kanuni mbovu ni mbovu kwa kila mtu. Ila kwanza uende Makwale, ukamwombe radhi mama yake."

Meja akavaa kofia, akaivua.

"Wakili," akauliza, "mahakama haiwezi kunipa askari wa kunisindikiza?"