Kilomita 187 Bila Kutoka Engutoto

Elimringi Ndesanjo,
Mpima Ardhi Mstaafu,
Engutoto, Arusha.
Alhamisi, 12 Juni

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Mazoezi,
Ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
Engutoto.

Ndugu Meneja Agnela,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MASHINE YAKO YA TATU KUTOKA DIRISHANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine zako zote isipokuwa moja. Mimi si mzima sana. Naandika nikiwa nimesimama kwa sababu mapaja hayakubali kukunjwa. Mke wangu Kandida amenishauri nisikuandikie kabisa. Nimemsikiliza kwa heshima, kisha nimechukua kalamu.

Ninayoilalamikia ni ile mashine ya kukanyaga kwa miguu huku mikono ikivuta na kusukuma vyuma viwili, ambayo vijana wako huiita iliptiko. Kabla sijaishitaki, ni haki ujue nilifikaje juu yake.

Miaka minne iliyopita tulimfanyia binti yetu mkubwa sendofu ya kumuaga kabla ya ndoa. Kwetu baba ndiye humwingiza binti ukumbini akicheza naye, kutoka mlangoni hadi meza kuu, watu wote wakiwa wamesimama na vigelegele juu. Nilianza vizuri. Katikati ya ukumbi pumzi ikaniishia, nikashika magoti, nikainamisha kichwa nikitafuta hewa sakafuni. MC, Mungu ambariki, akaniona, akazima muziki, akatangaza kwamba baba wa binti anaomba dua. Watu mia tatu wakainamisha vichwa. Nilihema dakika mbili nzima, mchungaji akaitikia amina, na mashangazi wawili wakatokwa machozi kwa jinsi dua ilivyokuwa nzito. Mpaka leo kuna watu kule Machame wanaonisifu kwa ucha Mungu wangu. Kandida hakudanganyika, na video ipo.

Keshokutwa Jumamosi ni zamu ya kitinda mimba wetu, Aika, anayeolewa na Kasaine, kijana wa Kiarusha wa Kisongo. Mwezi wa nne Aika aliniketisha, akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa kwamba safari hii hawahitaji dua ya katikati, na kwamba baba mdogo Abdiel yuko tayari kumwingiza. Abdiel ni mdogo wangu. Ana kilo sitini na tatu, na ana viatu maalumu vya kuchezea. Mimi nina kilo mia moja na nne, na binti mmoja tu aliyebaki wa kumwingiza ukumbini. Iliniuma, Ndugu Meneja. Iliniuma hata nikaacha chai nusu kikombe, jambo ambalo Kandida hajalishuhudia tangu tuoane.

Tukakubaliana hivi. Nikiweza kwenda dakika kumi mfululizo juu ya mashine yako bila kusimama, na mwalimu wako Lemburis akathibitisha, nitamwingiza mimi. Nisipoweza, Abdiel. Leo ni Alhamisi na rekodi yangu ni dakika sita na sekunde arobaini. Sababu za kushindwa huku hazimo mwilini mwangu, kama utakavyoona. Zimo ukumbini mwako, nami naziorodhesha.

1. Umbali wa uongo. Nimepima ardhi ya mkoa huu miaka thelathini na mmoja. Nimezika mawe ya mipaka toka Kikwe mpaka Kisongo, na hakuna hata moja lililodai limetembea. Mashine yako inadai kwamba tangu Aprili nimekwenda kilomita 187. Nimezijumlisha mwenyewe, siku kwa siku, kwenye daftari langu la kazi. Kwa umbali huo ningekuwa nimeshapita Moshi, nimepita Mwanga, na sasa nakunywa chai Same. Juzi nilikuja na futi kamba nikapima toka ukingo wa dirisha hadi ncha ya kiatu changu, kabla na baada ya mazoezi. Tofauti ilikuwa sentimita mbili, na hizo zilitokana na soksi iliyojikunja.

2. Namba. Kwenye mashine kuna namba za ugumu, kuanzia moja hadi kumi na sita, na hakuna aliyenifafanulia. Mzee wa kanisa kama mimi akiambiwa achague namba, atachagua namba moja. Nilikaa namba moja wiki tano, kifua mbele, nikiwahurumia vijana waliopangiwa namba nane na tisa. Kuna mama mmoja alikuwa namba kumi na moja; nilimtia moyo, nikamwambia asikate tamaa, hata mimi sikuzaliwa namba moja. Lemburis alipogundua alinipa mgongo kwa muda, mabega yakimtikisika, halafu akaniweka namba sita. Namba sita ni matope ya Kikwe wakati wa masika, na buti moja limebaki nyuma.

3. Kinyumenyume. Lemburis anasema kwamba ili nipate faida ya mashine, nisimame wima badala ya kuilalia kama kaunta ya duka, visigino vikae chini, niende kasi dakika moja na polepole dakika mbili, na kila baada ya muda nikanyage kinyumenyume ili misuli ya nyuma nayo ishtuke. Nimetii yote. Lakini nikirudi nyuma kilomita moja, mashine inaongeza kilomita moja! Katika kazi yangu mtu akirudi nyuma tunapunguza. Nilimuuliza Lemburis, akanijibu kwamba mwili haujui hesabu. Wangu unajua, maana kila ninaporudi nyuma unadhani tumeghairi na tunaelekea nyumbani.

4. Salamu. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, nakuomba usome taratibu.

Nimeishi Engutoto miaka ishirini na sita. Kila anayeingia ukumbini mwako ananifahamu: ama nilimpimia baba yake kiwanja, ama tunasali pamoja. Na kila mmoja anasema shikamoo. Nimelelewa kwamba shikamoo haipokelewi na mtu aliye mbioni. Mtu husimama, humtazama aliyemsalimu, huitikia marahaba, huuliza habari za nyumbani, na husubiri majibu. Sasa nikisimama, mashine hungoja sekunde chache tu, kisha inafuta kila kitu na kuandika sifuri. Jana asubuhi nilisalimiwa mara kumi na tisa. Nilianza safari mara ishirini.

Lemburis alinishauri niitikie huku nikienda. Nilijaribu kwa binti wa mwenyekiti wetu wa mtaa. Nikasema “mara”, nikavuta pumzi, nikasema “ha”, na kabla sijaifikia “ba” yule binti alikuwa ameshakimbilia maji na kiti.

Halafu kuna vichwa. Watoto waliolelewa vizuri wa Kiarusha huinamisha kichwa ili mzee aweke kiganja juu yake, nawe ukikiacha kichwa kimeinama hivyo hivyo, umemnyima mtoto wa watu baraka. Lemburis naye ni wa Kisongo, na adabu zake zote alikuja nazo. Siku yangu ya pili aliniinamishia kichwa nikiwa katikati ya mwendo wa kasi. Nikaachia chuma cha kulia ili niweke kiganja. Chuma hakikujua kwamba tunasalimiana. Kilirudi na kumpata katikati ya paji la uso. Alikaa na nundu wiki nzima, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba amebarikiwa na Mzee Elimringi.

Tangu hapo kijana huyu huinamisha kichwa makusudi, kila asubuhi, mara tatu au nne, na husimama pembeni kidogo pale chuma kisipofika. Anadai nijizoeze kuachia vyuma na kuacha miguu iendelee peke yake, kwa kuwa mikono ikiachia, tumbo na mapaja hufanya kazi zaidi. Anasema pia kwamba mtu anayeozesha Kisongo atakuja kumshukuru. Mimi naona ni kisasi.

5. Kioo. Mbele ya mashine umeweka kioo kikubwa. Sina maelezo zaidi.

6. Kalori. Mashine hutangaza kalori nilizochoma. Jumanne zilikuwa tisini. Kandida, ambaye siku hizi anasoma mambo ya lishe kwenye simu, alinieleza kwamba hiyo ni ndizi moja. Nyumbani alikuwa amepika mtori, na mtori haupikwi kwa ndizi moja. Nilikula mabakuli mawili kwa uchungu.

Kutokana na hayo sita, nina maombi matatu.

Ombi la kwanza: salamu zote zisitishwe ukumbini mwako kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Mwenye shikamoo aiandike kwenye karatasi na kuitumbukiza kwenye boksi mlangoni. Nitazijibu zote Jumapili baada ya ibada, mmoja mmoja, na habari za nyumbani nitauliza.

Ombi la pili: uniandikie cheti chenye mhuri, kwamba dakika sita na sekunde arobaini za mtu anayeheshimika ni sawa na dakika kumi za mtu asiyesalimiwa na yeyote. Cheti kiende kwa Aika, nakala kwa Abdiel.

Ombi la tatu, ikiwa mhuri haupatikani kabla ya Jumamosi: mashine ifungwe magurudumu manne na kuletwa kwenye ukumbi wa sherehe. Nimeshakwenda kupima. Toka mlangoni hadi meza kuu ni mita 34 na sentimita 60, na sakafu haina mteremko. Vijana wawili wakisukuma kwa nyuma, mimi nikikanyaga, na Aika akishika chuma cha kushoto, tutafika, na itakuwa mara ya kwanza kwa mashine hiyo kufika mahali. Kitambaa cha kuifunika tutatoa sisi, kwa rangi zilizochaguliwa na kamati.

Najua unacheka. Kandida naye amecheka, na mimi nilipoisoma upya nimecheka hadi mapaja yameuma tena. Lakini nakuomba unielewe. Aika alianza kutembea kwenye kibaraza chetu akiwa ameshika vidole vyangu viwili, nami nikitangulia mbele yake kinyumenyume, nimeinama, toka mlango wa jikoni hadi geti, mchana kutwa. Siku ile sikuchoka. Nataka nimpeleke mara moja tena, mita 34 tu, na mtu mwingine asinipokee njiani.

Nifikishie salamu kwa mhasibu wako, kwa mama wa namba kumi na moja (mwambie nimeomba radhi), kwa mlinzi wa getini, na kwa wote wanaonisalimu asubuhi, ambao nawapenda sana ila si kabla ya saa mbili. Lemburis naye msalimie, kwa mbali.

Ndimi, mwenye kilomita nyingi na safari fupi,

Elimringi Ndesanjo

N.B. Leo ni Jumatatu, tarehe 16. Barua hii sikuituma; nimeikuta kwenye mfuko wa koti la sherehe. Naituma hivyo hivyo kwa kuwa imenichukua siku nzima kuiandika, ila nakuomba usitekeleze hata neno moja lililomo.

Ijumaa nilijaribu kwa mara ya mwisho nikafika dakika saba na nusu, ndipo akaingia mwinjilisti wetu. Nilirudi nyumbani nikampigia Abdiel, nikamwambia ang'arishe viatu. Jumamosi alikuwa mlangoni mwa ukumbi, amependeza, anapasha miguu. Aika akashuka kwenye gari, akampita, akaja kunishika mkono. Kumbe Lemburis alikuwa amempelekea ujumbe: kwamba tangu wiki ya sita baba yake hajakatwa na pumzi hata siku moja, anakatwa na marahaba tu, na kwamba ukiunganisha vipande vyote anakwenda dakika arobaini na moja kila asubuhi. Mimi mpima ardhi niliyejumlisha kilomita zote, sikuwahi kujumlisha dakika.

Muziki ukaanza. Ndipo nikaona kwamba ndugu wa Kasaine wamewapanga watoto wao upande wangu wa kulia, toka mlangoni hadi meza kuu, na kila tulipokaribia, kichwa kiliinama. Abdiel amekiri baadaye kwamba yeye angesimama kwenye kila kichwa na tungefika chakula kimeshapoa. Mimi niliweka kiganja, miguu ikaenda. Nikaweka kiganja, miguu ikaenda. Vichwa thelathini na viwili, na hakuna aliyeota nundu. Katikati ya ukumbi MC, yule yule wa miaka minne iliyopita, alikuwa ameshainua kipaza sauti atangaze dua. Nilimpita nikimwitikia mtoto mmoja marahaba, neno zima, kwa pumzi moja.

Tukafika. Nilimketisha Aika, nikamtazama, na hapo hapo nikainama, nikashika magoti, nikamwomba Mungu amtunze huko aendako. Safari hii nilikuwa naomba kweli. MC akaniona, akazima muziki, akatangaza kwamba pumzi ya mzee imekata, aletewe kiti haraka. Kiti kikaja mbio. Nilikikalia bila kubisha, kwa kuwa machozi yalikuwa yameshanifikia kidevuni na sikutaka maswali.

Mashine isiguswe. Kesho saa kumi na mbili nipo, niwekee namba saba, na mwambie Lemburis aje na kichwa.