Herufi Moja katika Kitalu cha Arobaini na Saba

Sogeeni, enyi mlioketi na nyinyi mliosimama mkijifanya mna haraka! Wekeni chini vikombe, zimeni redio, wapakateni paka wenu wasije wakakatiza maneno. Ninalowaletea leo si habari ya harusi ya mtu wala ya bei ya kuni. Ninaleta habari ya vita. Vilipiganwa Jumamosi ya pili ya mwezi Juni katika misitu ya Tuchola, upande ule wa mto Brda wenye mchanga usio na mwisho, ndani ya shimo lenye urefu wa mita mbili na kina cha mita moja na nusu. Na mimi, Alojzy Rolbik, dereva wa trekta la msitu kwa miaka thelathini na mwenye goti moja bovu, nilikuwapo kwa macho yangu mawili, kwa kuwa ngazi ilikuwa yangu.

Enyi misonobari mnaogusa mawingu, nipeni pumzi! Nawe mchanga, uliyetandazwa na maji ya barafu kuu ilipoyeyuka zamani za zamani, kabla hajazaliwa mtu wa kukupigania, nisaidie nisiseme uongo kupita kiasi.

Palikuwa na shujaa, jina lake Leokadia Narloch, bibi misitu, binti Augustyn, mwenye buti namba arobaini na mbili na sauti ya kuangusha tufaha mtini, mlinzi wa vitalu kumi na tisa vya msitu, cha Arobaini na Saba kikiwamo, ambaye hata nguruwe-mwitu humpisha njia. Mwezi ule ulikuwa wa mwisho wa utumishi wake. Na mbele yake alisimama hasimu wake, Zygfryd Glaza, mchora ramani wa kituo cha misitu, mwenye penseli nne kifuani, mtu aliyenyooka kama rula na mkaidi kama rula hiyohiyo. Huyo Zygfryd alikuwa mume wa Gertruda, na Gertruda alikuwa dada wa damu wa Leokadia. Kwa hiyo vita hivi, wasikilizaji wangu, vilikuwa vita vya mashemeji, na mnajua wenyewe vita hivyo havina mateka.

Chanzo chake kilikuwa mwezi Novemba, katika sikukuu ya mtakatifu ambaye Gertruda alipewa jina lake, mezani, mbele ya supu ya damu ya bata. Zygfryd alitamka, huku akijifuta mdomo, kwamba Kitalu cha Arobaini na Saba ni udongo wa kutu. Leokadia akaweka kijiko chini. Akasema ni udongo-jivu. Yeye akasema kutu. Huyu akasema jivu. Tangu saa ile, kwa muda wa miezi saba kamili, hawakukaa tena meza moja; na katika ramani ya upandaji Zygfryd akaandika herufi mbili za kutu, RD, badala ya B, herufi ya udongo-jivu, na kwa nguvu ya herufi hizo miche elfu sita ya mialoni iliagizwa, nayo ingefika Jumatatu baada ya vita.

Hapo ndipo Gertruda, fundi cherehani, mwanamke mdogo wa umbo mwenye pini nyingi kwenye kola kuliko kamanda mwenye nishani, alipofikisha mwisho wa uvumilivu wake. Asubuhi ile aliwakusanya wote wawili kitaluni, akaweka kikapu cha keki juu ya kisiki, akakaa mbele yake kama mlinzi wa hazina.

"Nyie wawili mmenichosha," alisema. "Dada yangu haji nikiwa na mume wangu, mume wangu anatoka akimwona dada yangu. Krismasi nimekaanga samaki mara mbili. Mara mbili! Sasa basi. Chimbeni. Leo. Na hakuna mtu anayegusa keki mpaka udongo huu uwe na jina. Mwamuzi ni mimi."

"Wewe unajua nini kuhusu udongo?" akauliza Zygfryd.

"Najua rangi, baba. Miaka arobaini nashona. Sandukuni kwangu nina nyuzi nyeupe za aina kumi na saba. Wewe hilo shati lako unaliita jeupe kwa sababu tu nilikuambia ni jeupe."

Zygfryd akaenda kuchagua mahali. Akazunguka, akakanyaga huku, akakanyaga kule, hatimaye akasimama juu ya kimuinuko kidogo kilichoota kuvumwani, mahali palipobonyea vizuri chini ya sepetu.

"Hapo palipoinuka?" akasema Leokadia.

"Unaogopa, shemeji?"

"Mimi? Chimba!"

Basi sepetu mbili zikainuliwa, zikameta juani, zikashuka! Mchanga ukaruka kushoto, mchanga ukaruka kulia, mizizi ikakatika kwa mlio, sisimizi wekundu wakahama na mayai yao kwa makundi kama wakimbizi wa miji iliyoanguka. Wakachimba hadi magotini. Wakachimba hadi viunoni. Ukuta ukaporomoka. Wakauchonga upya, ukaporomoka tena, kwa maana mchanga ule mkavu haukai, ni kama kujenga kwa sukari. Mimi nikatumwa kuleta maji kutoka kwenye tangi la trekta, nikayaleta kwa kopo la kumwagilia maua, goti likilia, na Leokadia akaunyunyizia ukuta ule taratibu kama mtu anayemtuliza farasi.

Na katikati ya vumbi hilo hawakuacha kunena.

"Shemeji, nikueleze kwa mara ya mia," alisema Leokadia, ameegemea sepetu. "Juu ya mchanga huu misonobari imemwaga majani yake ya sindano miaka na miaka. Mvua ikinyesha inapita kwenye sindano hizo, inatoka chachu kama maji ya kabichi ya pipani. Uchachu huo unaosha mchanga, unachukua chuma chake chote, unakishusha chini. Juu panabaki peupe, jivu tupu. Chini panakuwa peusi na pagumu. Huo ndio udongo-jivu, na mwaloni hauna cha kula humo!"

"Na mimi nakuambia chuma cha hapa hakijaenda popote," alijibu Zygfryd. "Kimetulia, kimeshika kila chembe kama kutu kwenye bawaba. Chuma chenye adabu. Mwaloni utakaa vizuri tu."

"Miche elfu sita itakufa, Zygfryd."

"Hiyo ni huzuni ya kustaafu inaongea."

Ah, mkuki huo ulipenya. Leokadia akakamata sepetu. Alichimba dakika ishirini bila kupumzika, na sisi tuliokuwa karibu naye tulitamani apige kelele.

Ilipotimia saa nane mchana, ukuta ulikuwa wima, umenyooshwa, umefagiwa kwa brashi ya rangi. Sote tukatazama. Na lo! Kuanzia chini ya mizizi hadi penye ncha ya futikamba ambayo Zygfryd aliining'iniza ukutani, ulikuwa wa kutu. Kahawia ya kutu, njano ya kutu, madoa ya kutu. Jivu halikuwapo.

"Kutu!" akapaza sauti Zygfryd. "Kutu, kutu, kutu! Alojzy, wewe ni shahidi! Gertruda, fungua kikapu!"

Leokadia alitoka shimoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akavua kofia, akajipangusa paji la uso kwa mkono wenye mchanga, ukabaki mstari. Nimemfahamu miaka thelathini, sijawahi kumwona akiwa mdogo namna ile.

"Alojzy," aliniambia kwa sauti ya chini, "labda kweli nimezeeka. Labda nimekuwa nikiona vitu visivyokuwapo."

Nikampa kopo la maji yaliyobaki, akanywa.

Upande wa pili mshindi alikuwa amepanda ukingoni, naye akaanza kucheza. Ndiyo, wasikilizaji, Zygfryd Glaza, mtu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alikaa, alicheza polka! Alijishika kiuno, akapiga kisigino kulia, akapiga kisigino kushoto, penseli nne zikirukaruka kifuani, huku akiimba "kutu, kutu" kwa mdundo wa tarumbeta.

"Zygfryd, shuka hapo," akasema Gertruda.

"Kutu, ku..."

Ukingo ukaachia. Ardhi ikanguruma, mchanga ukamiminika kama jeshi lililofunguliwa lango, na mchora ramani akashuka nao wima, mikono juu, mpaka akasimama katikati ya shimo, amezikwa hadi mshipini, na uso wenye mshangao wa mtoto mchanga. Vumbi likatanda. Tukakohoa. Gertruda akaita jina lake mara mbili, naye akajibu, "Nipo."

Kisha vumbi likatulia, na hapo pua ya Zygfryd ilipokuwa ikielekea, umbali wa mkono mmoja, palikuwa na ukuta mpya. Juu yake mboji nyeusi. Chini ya mboji, tabaka jeupe, limelala kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Chini ya jeupe, tabaka la rangi ya kahawa iliyochemka sana. Na chini kabisa mchanga wa njano, uliotulia, usiojali.

Leokadia alisimama kwa kasi hata ndoo ikabiringika.

"Kimuinuko!" alipiga kelele. "Ni mti! Hapa uliwahi kuanguka mti, ukang'oka na mizizi yake, ukapindua udongo wote! Shemeji, umechimba kaburi la msonobari! Ndiyo maana palikuwa laini!"

"Hicho ni kivuli," akasema Zygfryd kutoka mchangani.

"Kivuli?" Leokadia akatoa mfukoni kibamba cha kauri na kichupa cha dawa ya kupima uchachu, akainama ukingoni, akachota mchanga mweupe kidogo, akadondoshea. Tukasubiri. Dawa ikageuka nyekundu. "Ona uchachu huo!"

"Hata udongo wa kutu huwa mchachu. Sema kama nadanganya."

Gertruda akamgeukia dada yake. "Ni kweli?"

Hapo, wasikilizaji, angeweza kudanganya. Leokadia akavuta pumzi. "Ni kweli," alisema. "Dawa peke yake haiamui. Inaamua rangi."

"Basi pisheni," akasema mwamuzi.

Akashuka ngazi yangu, kidato kwa kidato, amekunja sketi. Akatoa pini kwenye kola, akazichomeka moja moja kwenye mpaka wa juu wa ule weupe, kisha kwenye mpaka wa chini, ukuta mzima, kama anayepinda gauni la bibi harusi. Akasogeza macho karibu. Akarudi nyuma. Nadhani hata kigogota aliyekuwa akigonga alinyamaza, ingawa hilo siapi.

"Hii si nyeupe," alisema. "Hii ni rangi ya shuka lililofuliwa kwa majivu. Namba kumi na mbili sandukuni kwangu. Inakwenda bila kukatika." Akanyoosha futikamba yake ya ushonaji. "Unene, sentimita kumi na nne." Kisha akachukua pini nyingine, akaisukuma kwenye ile kahawia iliyo chini. Haikuingia. Akasukuma tena, pini ikapinda. Akainyanyua juani tuione sote. "Hapa chini pamekaza kama biskuti. Zygfryd, chuma chako chenye adabu kimehama. Ni udongo-jivu."

Leokadia akarusha kofia juu, ikanasa mtini, na mpaka leo iko huko.

"Nichimbueni basi," akasema Zygfryd.

"Hakuna anayechimbuliwa kabla ya kuandika," akasema mkewe.

Zygfryd akachomoa ramani kifuani, na penseli, na kifutio. Lakini hakuandika. Alikuwa akitazama ukuta. Akanyoosha kidole, akagusa ule weupe, polepole, na mchanga kidogo ukamdondokea kiganjani.

"Leokadia."

"Nini?"

"Ni mzuri." Akapangusa vumbi machoni. "Miaka yote hii, sijawahi kuona safi namna hii. Umeona pale ulivyoteremka kufuata mzizi?"

"Nimeuona." Akashuka, akapiga magoti kando yake. "Na pale, tazama, umechomoza kama ulimi."

"Wapi?"

"Pale, shemeji. Fuata kidole changu."

Wakainamisha vichwa pamoja, mmoja kapiga magoti, mwingine kazikwa nusu, wakibishana kwa furaha juu ya kitu chenye upana wa kijiti cha kiberiti. Nikashika sepetu nimchimbue, Gertruda akanizuia kwa mkono.

"Waache kidogo," aliniambia, akakaa kwenye kidato cha ngazi.

Basi na ijulikane kwa walio karibu na walio ng'ambo ya Brda, na iandikwe kwa wino usiofutika, kwamba siku ile, saa tisa na dakika kumi alasiri, falme zikiinuka na falme zikianguka mahali pengine pasipotuhusu, Zygfryd Glaza alifuta katika ramani herufi mbili za kutu, akapuliza vumbi la kifutio, na kwa mkono usiotetemeka akaandika B moja, kubwa, iliyonyooka. Na Leokadia Narloch, mshindi wa mchanga, akaisoma kwa sauti mara tatu, kisha akamwomba amkolezee kidogo ule mkunjo wa chini.