Jeneza la Kipimo Changu

Jumatatu, 8 Septemba
Leo nimeanza! Miaka minne nimepanga kufungua karakana ya majeneza hapa Igogo, Mwanza. Imetosha. Nchi hii imeoza kwa maandalizi: semina, mkakati, chai ya saa nne, kisha watu wanapeana mikono kama waliojenga reli. Nami nilikuwa hivyohivyo. Bango ninalo. Muhuri ninao. Fulana zenye nembo ninazo. Jeneza sina hata moja! Mama Paskazia, mwenye fremu niliyokodi, kasema nisipouza kitu kufikia Ijumaa, fremu anampa Kashindye, fundi jirani. Kashindye! Mtu asiyejua mkakati ni nini. Ana wateja tu.

Jumanne, 9 Septemba
Jeneza la mfano lahitaji kipimo. Nikajilaza juu ya mbao, nikamwita mke wangu Dorotea ashike futi kamba. Akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, kama nimerogwa au ndivyo nilivyozaliwa. Kashindye akachungulia. Akasema la mfano huongezwa shubiri nzima, lisimtoshe yeyote pale kazini. Ndivyo mafundi wote wanavyofanya. Ushirikina! Tena ubadhirifu wa mbao. Nimekata kipimo changu kamili.

Jumatano, 10 Septemba
Limekamilika, liko barazani. Zuri mno! Nimemwamkia Mama Paskazia shikamoo mara mbili. Akanipita, akamwambia Dorotea pole mwanangu, jikaze. Mchana wamekuja akina mama wawili wa jumuiya ya kanisani, wakatandika mkeka, wakakaa. Nikawapa vipeperushi vya biashara. Hakuna aliyenyoosha mkono. Vikaanguka.

Alhamisi, 11 Septemba
Ukungu kutoka ziwani umejaa mpaka barazani. Nimekuta kifuniko kimefunguliwa. Kwenye mto wa ndani kuna alama ya kichwa. Nikalala kujaribu. Imenienea sawasawa, hata kisogo! Ufundi huo.
Kashindye kaja, anaongea nami huku akitazama pembeni. Kaniomba, kaka, livunje leo hii, mbao atanirudishia kutoka kwake. Hila! Anataka nifike Ijumaa mikono mitupu. Nimemwambia akasome historia ya ubepari.

Ijumaa, 12 Septemba
NIMEUZA! Jioni, Mama Paskazia keshatoa kufuli jipya, akatokea mgeni mwenye suti. Viatu vyake vilichuruzika maji, na hapa mvua haijanyesha wiki nzima. Akaitikia salamu yangu vizuri kabisa. Akalipa yote bila kuomba apunguziwe. Mteja wa Mwanza! Nikauliza marehemu alikuwa na urefu gani. Akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akasema litatosha. Msiba uko Kisesa, kesho. Nilipeleke mwenyewe, wananisubiri. Jina la marehemu sikuuliza, mfiwa hasumbuliwi. Huduma kwa mteja!
Mama Paskazia kaondoka na kufuli lake, karibu anakimbia. Fremu ni yangu! La pili nimeshakata mbao zake, kipimo kilekile. Kumbe ndicho kinachotakiwa sokoni.
Dorotea analia. Kafunga mlango, kaficha viatu vyangu, anasema Kisesa siendi labda nipite juu yake. Hofu ya mafanikio, ugonjwa wa taifa zima. Mtu wa vitendo hazuiwi na viatu. Nitatoka dirishani alfajiri, pekupeku.