Ombi la Kurudishiwa Ubovu wa Kompyuta Yetu

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wapenzi wa Programu Huria,
Sfax.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na kompyuta zako zote. Mimi ni Wided, mke wa Lotfi, yule mwanachama wako mrefu anayeuza feni mchana. Lazima unamkumbuka. Siku mlipowaita watu pale nyumba ya vijana mkawawekea programu mpya, ndiye aliyekuja akisukuma kigari cha mtoto, na ndani ya kigari mkakuta kompyuta. Mtoto alibaki begani kwangu.

Mliitoa programu yetu ya zamani, mkaweka yenu iliyo huru. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba mturudishie ile ya zamani, pamoja na ubovu wake wote. Sababu zangu ni hizi:

1. Ile ya zamani ilikuwa ya wizi, sikatai. Lotfi aliipata kwenye diski, sokoni. Lakini ilikuwa na adabu. Jioni mume wangu akishakaa tu, inagoma. Kioo kinakuwa cheusi, halafu yanatokea maneno: subiri, usizime. Basi Lotfi hana la kufanya, anamchukua mwanetu Skander, anamrusha juu, anamwimbia. Mimi naoga. Naoga mpaka nywele, Ndugu Mwenyekiti! Tangu mlipoigusa ninyi, mashine haigomi, haisubirishi mtu, haiumwi hata mafua. Mke atampatia wapi mumewe kwenye nyumba yenye mashine nzima namna hii?

2. Lotfi anatafsiri maneno ya programu zenu kwa Kiarabu, bure, kwa ajili ya watu asiowajua. Juzi nakaanga brik, zile sambusa zetu za yai, mafuta yananirukia mkononi, Skander ananing'ang'ania sketi, yeye anaita kutoka sebuleni: "Wided, hebu nisaidie! Neno 'mapumziko' wewe ungelielezaje?" Nikamjibu, "Sijawahi kukutana nalo." Alicheka sana. Kuinuka, hakuinuka.

3. Ananieleza kwamba programu zenu zina uhuru wa aina nne: kuzitumia utakavyo, kuzichungulia ndani, kuzibadilisha, na kuwagawia wengine. Huo wa kugawa naujua vizuri, maana kila mwenye kompyuta iliyochoka mtaani kwetu sasa yuko sebuleni kwangu, na chai ya lozi haichemshi mwingine ila mimi. Aina nyingine tatu bado hazijafika jikoni. Mama mkwe ameniambia, "Vumilia, binti yangu. Marehemu baba yake alikuwa na redio tu. Afadhali redio, haileti wageni."

4. Hayo yote ningeyameza. Hili ndilo lililonikwama. Wiki hii Skander amesema neno lake la kwanza. Amesema "Baba." Kidole alikuwa ameielekezea kompyuta, na Lotfi alikuwa dukani kwenye feni zake. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, kisha nikapanda darini kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kwa hiyo naomba ubovu. Si lazima uwe mkubwa, wa jioni tu unatosha. Kama sheria za uhuru wenu hazina nafasi ya ubovu, basi nitumieni mtaalamu mmoja aje achomoe waya wowote anaouona wa maana. Sina ugomvi na uhuru. Nataka tu mwanangu ajue baba yake ni yule mwenye ndevu, si yule mwenye taa.

Wasalimie wanachama wote, na wake zao zaidi. Mama mkwe anakusalimu, na anauliza kama redio nayo inaweza kuwekwa huru.

Wako katika kusubiri,
Wided, mama yake Skander

N.B. Mtaalamu asije. Nilipomaliza kuandika, kabla sijaifunga barua, nilikwenda kuitazama hiyo mashine usoni. Ile ya zamani ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichonitoa shuleni, kwa hiyo nilikuwa naiogopa. Hii imejaa Kiarabu chetu. Nikaona pameandikwa "Mapumziko", nikabonyeza. Kumbe ni kitu cha kumfungia mtu kioo ili apumzishe macho! Unachagua saa, unachagua dakika, unaandika na maneno unayotaka wewe. Nikaandika: "Subiri. Usizime." Nikaweka dakika ishirini. Jioni kioo kikawa cheusi. Lotfi akasoma, akakuna ndevu, akasema, "Makubwa! Hata iliyo huru inaumwa?" Akamchukua Skander. Nikakimbilia bafuni.

Leo nimefungua tena, nia yangu niibe dakika mbili tatu zaidi. Nimekuta tayari ni arobaini. Na chini ya maneno yangu kuna mtu ameongeza: "Na nywele uoshe."