Feni ya Kompyuta ya Kitinda

Jumatatu, 3 Juni

Kitinda, mwanangu wa mwisho, amepata kazi ya kupokea simu za wateja kwa kompyuta, akiwa hapa hapa nyumbani. Bado ni majaribio. Ijumaa saa nne msimamizi wake atamsikiliza, kisha aseme abaki au aende. Kila kitu kiko sawa isipokuwa kompyuta. Inanguruma. Si kidogo. Kama mashine ya kusaga mahindi. Anasema ni feni iliyomo kwenye kile kisanduku cha nyuma kinachoingiza umeme.

Leo mteja kamuuliza kama yuko kiwandani. Kitinda akasema samahani, ni mvua. Jua lilikuwa linapasua mawe! Nilimsikia upande wa pili wa pazia, nami niko kwenye cherehani yangu. Chumba ni kimoja, tumekigawa.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa nyumba ya pili. Akachungulia dirishani, akasema mkwewe ni fundi kompyuta, tumpelekee. Huyo mkwe humtaja kila akivuta pumzi. Nikasema asante, haina haja. Miaka thelathini nashona. Mashine ni mashine. Inayolia inataka mafuta.

Jumanne, 4 Juni

Kitinda alipokwenda kuoga, nikachomoa waya ukutani. Sikusoma sana, lakini najua umeme hauna undugu. Nikapenyeza mdomo wa kichupa cha mafuta ya cherehani kwenye vitundu vya feni. Tone moja. Nikaliona dogo. Nikamimina kichupa chote. Mkono wa mama si mchoyo.

Alipowasha, feni ikatema. Ukutani. Kwenye pazia. Kwenye gauni jeupe la mteja wangu anayeolewa Jumamosi. Ngurumo ile ile, sasa na harufu juu yake.

Kitinda akauliza mafuta yametoka wapi. Nikasema labda kompyuta zikizeeka huvuja. Akanitazama, akachukua kitambaa, akafuta kimya kimya. Afadhali angenigombeza.

Gauni nimelifua mara tatu. Limebaki doa moja.

Jumatano, 5 Juni

Ikiwa haitaki kulainishwa, basi ifunikwe. Nikaishonea koti. Kitambaa kizito, pamba katikati, vifungo vinne, mishono yote imefichwa ndani. Likaikaa kama limepimwa, na kweli nililipima. Nikamwambia Kitinda ni zawadi. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Na kimya. Jamani, kimya! Nikasikiliza simu tatu nzima. Ana sauti kama mtangazaji wa redio, mwanangu.

Simu ya nne, kompyuta ikazimika yenyewe. Mzee wa watu yuko katikati ya kueleza mzigo wake uliopotea. Kitinda akagusa koti, akavuta mkono. Moto.

"Mama," akasema, "hapo ndipo inapopumulia. Umeiziba pua."

Hakupandisha sauti. Nilitamani ardhi inimeze, na koti langu.

Wifi naye hakukosa. Akashika vifungo, akasifu mshono, akasema koti zuri kweli, masikitiko tu kwamba marehemu kompyuta hatalivaa. Ilipopoa ikawaka. Ikanguruma. Nilifurahi kuisikia, hebu fikiri.

Alhamisi, 6 Juni

Zamu ya Kitinda leo ni ya mchana. Nikamwambia naipeleka kompyuta kwa fundi, sikusema fundi gani. Nikaifunga kwenye shuka, nikapita uchochoro wa nyuma, hadi kwa mkwe wa wifi. Nikamwomba asimwambie mama mkwe wake. Akaitikia vizuri. Ana adabu yule, sijui aliingiaje kwenye ukoo ule, ingawa na mimi nimeolewa humo humo.

Akafungua kisanduku. Akachukua kibano, akaanza kuvuta. Nyuzi! Nyekundu za sare za shule, za bluu, na manyoya ya vitambaa, zimejisokota kwenye feni kama kwenye bobini ya cherehani. Mafuta yangu yamezigandisha vizuri.

Akauliza kwa upole kama kompyuta inakaa karibu na cherehani. Nikasema mbali kidogo. Ni hatua mbili.

Kumbe ni mimi. Tangu mwanzo. Mchana kutwa nailisha nyuzi, huku namwombea mtoto kelele ziishe. Fundi akaweka feni mpya, akasema tuisogeze. Kitinda aliponiuliza ilikuwa nini, nikasema vumbi tu.

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne. Feni mpya haisikiki kabisa. Cherehani nimeisimamisha, nimekaa nyuma ya pazia, mikono mapajani. Kitinda anajibu simu kwa utulivu. Msimamizi anasikiliza.

Wifi akaingia bila hodi, anataka kujua imenyamazaje. Dhamiri ikanizidi. Nikamvuta karibu, nikamnong'oneza yote. Nyuzi ni zangu, mafuta ni yangu, mtoto nimemdanganya, Jumatatu nilimsikia akilia bafuni, na mimi mtaa mzima nimeshautangazia kwamba kaajiriwa. Wasipomchukua nitapita wapi?

Huwa naambiwa mnong'ono wangu unafika ng'ambo ya barabara. Siku zote feni ilikuwa inaufunika. Leo hapakuwa na wa kuufunika. Nikasikia mwanamke kwenye kompyuta akiuliza ni nani huyo.

"Ni mama yangu," Kitinda akasema. "Ananiogopea."

Nikajifunika uso kwa kipande cha satini.

Yule msimamizi akacheka kidogo, akasema simu kazijibu vizuri, kazi ni yake. Ila kwa sharti. Apate chumba cha peke yake, chenye utulivu. Sisi hatuna. Wifi anacho. Alikitoa kabla sijafunua uso.

Jumapili, 9 Juni

Jana Kitinda kahamia na meza yake kwa wifi. Kulala atalala hapa, lakini mchana wote nimebaki na cherehani. Pazia nimelishusha. Chumba kimekuwa kikubwa mno.

Leo nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya nyuzi. Akasema anajua tangu Alhamisi. Fundi alimpigia simu. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Akanishika bega. Hilo bega linaniuma mpaka sasa.

Nimeapa. Sigusi tena chochote chenye waya.

Ila jioni nilimpelekea chai. Friji ya wifi imesimama nyuma tu ya meza yake, na inavuma. Wao wameizoea, hawaisikii. Nikachungulia nyuma yake. Kuna kibomba chembamba, cheusi, kinatetemeka. Si waya kile. Nadhani kikikunjwa kidogo tu kitatulia.

Kesho saa tatu wifi anakwenda kliniki. Koleo ninalo.